Haina Hodi

Miaka ishirini na mbili nipo hapa Kiyangu,
chini ya bati lile lile, mikono inanuka oili,
na kazi yangu, ukiniuliza, ilikuwa kunyamazisha.
Ekzosi imetoboka, lete.
Cheni inalia kama paka aliyebanwa na mlango, lete.
Injini inakohoa, iache, njoo kesho.
Nililipwa ili mtaa upate usingizi.

Na zote nilizijua kwa sikio.
Ya Mfaume ilipiga chafya kabla ya kona.
Ya Dadi Nampota ilikokota mguu.
Hata kuku walijua ipi ya kukimbia,
ipi ya kupuuza.

Msimu ule korosho zilipolipa
Sharafi akaja na kitu cheupe
kisicho na tangi wala ekzosi.
"Hii haili mafuta, fundi.
Inalala, inakunywa umeme, inaamka."
Nikainama, nikatega sikio.
Nikasikia moyo wangu.

Kufika mwezi wa nne zilikuwa tisa.
Zikipita, mchanga unasema shh, basi,
kama mume aliyechelewa anayenyata asimwamshe mkewe.
Sitaki kuzisingizia. Hazichomi mguu, hazina moshi,
na wajawazito wanafika Ligula bila kutikiswa.
Siku moja nilipanda mwenyewe mpaka Bima,
nikajiona nimebebwa na upepo niliolipia nauli.

Lakini sisi ni watu wa hodi.
Hata anayekuja kukudai husema hodi kwanza.
Kitu hiki kinafika,
ndipo unajua kilikuwa kinakuja.

Somoe wa darasa la tatu alikuwa katikati, anacheza rede,
chupa yake imejaa mchanga nusu.
Mtoto yule humpati kwa mpira; anapinda kama moshi.
Angesikia, angekwepa.

Mguu, mahali pawili.
Chupa ilibaki imesimama.
Sharafi alikaa chini akashika kichwa kitupu.
Kofia ngumu ilining'inia kwenye usukani,
mpya, na nailoni yake ya dukani.

Kwa mjumbe walisema sana.
Zipigwe marufuku. Watoto wasicheze barabarani.
Barabara gani, hii ya mchanga
waliyoikuta watoto kabla haijapewa jina?
Bi Asumini, mama yake Somoe, alinyamaza
mpaka watu walipoanza kutafuta viatu vyao.
Kisha akanigeukia mimi:
"Fundi, huwezi kukifanya kiseme?"

Mimi. Wa kunyamazisha.

Nilianza na kengele ya baiskeli; Sharafi akasahau kuipiga.
Nikafunga kopo la maziwa lenye kokoto; likadondoka Chuno.
Nikaenda kwake usiku kupima uma wa nyuma,
nikakuta betri inachajiwa uvunguni,
waya umeungwa kwa gundi ya karatasi, umegusa chandarua,
na juu yake wanawe wawili wamelala midomo wazi.
Nikauchomoa bila kuuliza.
Moto nao hauna hodi.
Tangu hapo inachajiwa barazani, juu ya tofali,
naye analala mlangoni kuilinda na wezi.

Mwisho nilifungua sanduku la marehemu mjomba,
nikatoa njuga alizovaa miguuni kwenye ngoma za jando.
Nikazifunga karibu na gurudumu.
Hazihitaji dereva mwenye kumbukumbu;
zinahitaji mashimo tu,
na mashimo Kiyangu tunayo.

Sasa Somoe anakaa kizingitini, plasta imejaa majina ya wenzake.
Chwa, chwa, chwa, toka upande wa kisima.
"Huyo Sharafi," anasema, hainui hata macho.
Kuku wanasogea.

Halafu kinapita kingine, cheupe, hatukijui,
na wote tunashtuka kwa pamoja, mtoto, mimi, kuku.

Zimebaki nane.
Njuga zimeisha.